Ndoo ya Tatu

Ndoo ya kwanza ni ya unga.
Ya pili inaingia kwenye kodi ya chumba
kama mvua inavyoingia Kigogo, bila hodi.
Ya tatu bado. Saa nne na robo usiku,
na kiazi cha Njombe kimeng'ang'ania udongo wake
mpaka ndani ya macho.

Kisu changu hakina mpini, nimekifunga kitambaa
cha shati la baba. Tesha hataki ganda nene.
"Dogo, unanimenyea hela," husema,
analiinua ganda kwenye taa ya kibanda.
Likipitisha mwanga, jero.
Lisipopitisha, mia tatu na maneno.
Siku hizi namenya hadi taa ionekane.

Sisi ni watu wa Kigoma.
Mjumbe akiuliza, Kigoma.
Muuza maji, Kigoma. Mwalimu wa zamu,
Kigoma, Ujiji, nyuma ya soko, basi,
usiongeze neno,
maana neno la ziada ndilo linalotoka na Baraka
(mji, si ile ya kuombewa)
na ziwa zima nyuma yake, ng'ambo ile.

Mama aliona kuongea ni ghali, akaacha.
Anasuka watu barazani kuanzia asubuhi,
na wateja wake wanaitana: twende kwa Bubu,
ana mkono mwepesi, halafu hana umbea.
Jioni akishafunga mlango
anafungulia Kibembe cha siku nzima,
mpaka Wabiwa mdogo anaziba masikio.

Baba na mimi tuna kazi moja, zege.
Yeye analibeba kichwani, Ubungo, ghorofa ya tano,
mimi nalimenyea viazi.
La kwake linakauka, linapangishwa.
La kwangu linaliwa na kachumbari.

Usiku tuna shule. Mwalimu ni mimi.
Baba, sema: mtoto.
"Mutoto."
Funga midomo kwanza. Mtoto.
"Mu... mutoto."
Alifundisha hesabu darasa la sita miaka kumi na mmoja,
Mwalimu Asukulu, chaki hadi kwenye kiwiko.
Sasa ananitazama mdomo
kama mtoto wa chekechea,
na mimi, Mungu anisamehe, siku moja nilimcheka,
Wabiwa akacheka kwa kuwa nimecheka,
yeye akacheka mwisho, peke yake, kidogo.

Alhamisi walimlipa nusu.
Alipita kibandani na vumbi lake la saruji,
Tesha akamwita, "Mzee, vipi?"
"Poa, mkuu," akasema baba.
"Nimekuja kumwona mtoto wangu."

Mtoto. Safi, kama kazaliwa Magomeni.
Kisu kiliniteleza.
Kumbe nilitaka aweze,
ila sikutaka kumsikia akiweza.

Akageuza kreti la soda, akaketi.
Akaomba kisu. Ndoo ya tatu tukaimenya wawili,
magoti yakigusana, bila kusema.
Maganda yake manene, mazito,
nusu ya kiazi inakwenda nayo.
Nikayasukumia chini ya yangu.
Tesha alichota, akainua la juu, likapita.
Akachimba. Akainua lingine.
Taa haikuonekana.
Alimtazama baba mikono, akaangalia pembeni,
akatoa mia tatu, safari hii bila maneno.

Njiani baba alisimama penye mwanga wa duka la dawa
akanifungua kiganja.
"Jero. Jero. Mia tatu. Jumla?"
Sauti ile ya zamani, ya ubaoni.
Elfu moja na mia tatu, nikasema.
Muuza duka alikuwa ndani, anashusha shata,
bati linapiga kelele.
"Muzuri," akasema baba,
"muzuri sana, mutoto yangu."

Sikumsahihisha.